Nani Alipe Klachi Iliyoungua?

(Maneno aliyosema fundi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, mbele ya mkutano wa madereva na mafundi huko Kariokor. Yamechapwa hapa kwa faida ya wanachama wa matawi mengine.)



Mimi si msemaji. Kazi yangu ni kulala chini ya magari, na mtu aliyezoea kutazama magari kwa chini huona haya kidogo akisimama mbele ya watu. Mnisamehe.

Katibu aliniomba niseme juu ya klachi. Nilimwuliza, kwa nini klachi, na hali mambo ya mishahara ni mengi? Akanijibu kwamba klachi ni jambo la mshahara. Akasema kuwa katika malalamiko anayoletewa na madereva, neno moja hurudi kila mara: "Nimekatwa kwa sababu ya klachi." Hapo nikakubali. Maana klachi ni kitu kidogo, kipana kama sahani ya kulia wali, lakini imegombanisha watu wengi: dereva na tajiri, dereva na fundi, hata dereva na mkewe siku ya mwisho wa mwezi.

Leo nataka kusema hivi. Klachi iliyoungua ina ushahidi wake, na hukumu isitolewe kabla ushahidi huo haujatazamwa. Na kutoka hapo nitasema neno la pili: kile kinacholika katika klachi hakipotei. Huenda mahali, na mara nyingi mahali penyewe ni kifua cha fundi.

JINA LA MTAA HUU

Tumekutana Kariokor. Wazee mwajua asili ya jina hili, lakini vijana huenda wakadhani ni jina tu. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza walipokwenda kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, malori yalikuwa machache, njia zilikuwa tope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Yakabaki mabega ya watu. Kule Dar es Salaam nako kuna Kariakoo, na jina ni lile lile. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Na mishahara ya wengi waliokufa haikufika mikononi mwa jamaa zao.

Siwakumbushi haya ili tulie. Nawakumbusha kwa sababu sisi nasi ni watu wa uchukuzi, na mtaa huu una jina la watu wa uchukuzi waliolika kazini bila hesabu yao kufanywa sawasawa. Basi na tujifunze kufanya hesabu.

KLACHI HUSHIKAJE?

Injini ya gari ina tabia moja: ikisimama, imekufa. Lazima izunguke. Lakini magurudumu yapasa kusimama, kwenye stendi, kwenye taa, mbele ya askari. Basi pawe na kitu katikati cha kuunganisha kinachozunguka na kilichosimama, polepole, bila kuvunja kitu. Kitu hicho ni klachi.

Sahani ya klachi hubanwa kati ya vyuma viwili: mbele flaiwili, nyuma presha pleti. Pande zote mbili za sahani zimevishwa bitana, ile tuiitayo lainingi, iliyopigiliwa kwa ribiti. Springi hubana vyote pamoja. Ukikanyaga pedeli waondoa mbano. Ukiinua mguu waurudisha. Hakuna meno wala kufuli ndani yake. Gari zima, pamoja na abiria na magunia ya viazi, huvutwa kwa msuguano tu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme springi zabana kwa nguvu ya kilo 500. Bitana nzuri, iliyo kavu, hushika kama sehemu tatu katika kumi za mbano ule. Basi upande mmoja hushika kilo 150, na pande mbili kilo 300. Hiyo ndiyo nguvu ya klachi yetu.

Lakini mafuta yakiingia, kushika kwaweza kushuka hata kufikia sehemu moja katika kumi. Hapo pande mbili hushika kilo 100 tu. Injini ni ile ile, springi ni zile zile, dereva ni yule yule. Ila klachi imepoteza theluthi mbili za nguvu zake. Gari likianza kupanda mlima, klachi itateleza na kuungua hata kama mguu wa dereva uko mbali na pedeli. Tafadhali mshike jambo hilo, maana nitalirudia.

HULIKA KWA KUTELEZA

Watu husema klachi huchoshwa na kazi. Si hivyo. Klachi hulika kwa kuteleza. Ikishashika, sahani na flaiwili huzunguka pamoja kama mtu na kivuli chake, na hapo hakuna kusuguana. Lori laweza kwenda mamia ya kilomita katika barabara ya Mombasa klachi isilike ila kidogo sana. Lakini gari la abiria katika msongamano wa Jogoo Road asubuhi huondoka na kusimama, huondoka na kusimama, na kila kuondoka ni kuteleza.

Kuteleza huzaa joto. Chukueni lori la tani 8. Dereva akiliondoa kwa gia ya kwanza, tuseme klachi yaacha kuteleza gari linapofika mwendo wa kilomita 7 kwa saa. Akiliondoa kwa gia ya pili, na injini ikizunguka vilevile, klachi huteleza mpaka gari lifike kama kilomita 14. Mwendo umezidi mara mbili. Je, joto nalo limezidi mara mbili? Hapana, limezidi mara nne. Nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda huongezeka kwa mwendo mara mwendo, na klachi hulipa joto kwa kipimo hicho hicho. Kwa hiyo dereva anayeondoka kwa gia ya pili ili aokoe mkono wake kazi ndogo, huiongezea klachi kazi mara nne.

Chukueni tena lori lile lile, limesimama katika mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi. Dereva hataki kuvuta hendibreki. Amelishika gari kwa nusu klachi, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Yeye aona gari limetulia. Lakini ndani, kwa injini inayozunguka mara 1,000 kwa dakika, klachi yapokea joto kama la pasi 11 za umeme zilizowashwa pamoja. Joto hilo lingechemsha lita moja ya maji kwa nusu dakika. Hakuna maji ya kulipokea humo. Kuna bitana tu. Joto likipita digrii 250 au 300 hivi, gundi inayoshikanisha bitana huanza kuungua, kushika kunapungua, kuteleza kunazidi, na joto linazidi tena. Ndiyo ile harufu mnayoijua.

Na mzigo nao una hesabu yake. Lori la tani 8 likipakiwa hata likawa tani 12, joto la kila kuondoka huongezeka nusu nzima, na mlimani ni zaidi, kwa maana klachi hutelezeshwa kwa muda mrefu. Aliyepakia tani zile nne si dereva.

KOSA LANGU MIMI

Ndugu zangu, sasa nitasema jambo ambalo sikulisema zamani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi katika gereji moja hapa mjini. Lori likaletwa, klachi haishiki. Nikaifungua, nikafunga mpya. Meneja akaniuliza, "Imeungua?" Nikajibu, "Imeungua." Basi. Hakuniuliza kwa nini, wala mimi sikusema kwa nini, kwa sababu sikutazama. Sahani ya zamani niliitupa katika pipa. Dereva, mtu mzima mwenye watoto shuleni, akaambiwa gharama itakatwa katika mshahara wake kwa miezi mitatu. Akasema, "Mimi sikuiunguza." Akaambiwa, "Fundi amesema imeungua."

Baada ya majuma saba klachi ile mpya nayo ikaungua. Safari hii yule bwana hakukatwa, alifukuzwa. Akaja dereva mwingine, na kwake nako ikaungua. Ndipo nilipoishika sahani mikononi nikaipeleka kwenye mwanga wa jua. Bitana ilikuwa nyeusi, inang'aa, imelowa mafuta. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa ikivuja. Ni duara ndogo la mpira, na bei yake si kitu ukilinganisha na mshahara wa mtu wa miezi mitatu.

Nikaibadilisha ile sili, na klachi haikuungua tena. Lakini yule dereva wa kwanza alikuwa amekwisha kurudi kwao, na sikumpata nimwambie. Nilikuwa nimesema neno la kweli, "imeungua," nalo likatumika kama uongo. Tangu siku ile sitoi sahani ya klachi bila kuisoma.

JINSI YA KUISOMA SAHANI

Kuisoma si uchawi, na dereva naye aweza kujifunza. Klachi ikifunguliwa, mtazame hivi.

Kwanza, ikiwa bitana imelika sawasawa pande zote mbili mpaka karibu na vichwa vya ribiti, na vyuma havina alama mbaya, hiyo imekufa kwa uzee. Imefanya kazi yake. Hakuna wa kulaumiwa, kama vile hakuna wa kulaumiwa tairi likiisha.

Pili, ikiwa bitana imelowa mafuta au inang'aa kama imepakwa lami, tafuteni sili. Yaweza kuwa ya nyuma ya injini, yaweza kuwa ya mbele ya giaboksi. Hilo ni la mwenye gari na la fundi. Dereva hakuingiza mafuta mle kwa mguu wake.

Tatu, ikiwa upande mmoja umelika kuliko wa pili, tazameni uso wa flaiwili na wa presha pleti. Huenda una mifereji, au umepinda, na fundi alifunga sahani mpya juu yake bila kupeleka chuma kikachongwe. Tazameni pia kama sahani yateleza vizuri juu ya mhimili wake. Ikiganda, upande mmoja hausalimiki hata pedeli ikikanyagwa.

Nne, ikiwa vyuma vina madoa ya bluu na nyufa ndogo ndogo, palikuwa na joto kali la kuteleza. Hapa ndipo watu hukimbilia kusema, "Dereva!" Ngojeni kwanza. Je, springi za presha pleti zimechoka? Je, pedeli ilikuwa na nafasi ndogo ya kushuka kabla ya kuanza kuvuta? Katika magari yanayovuta klachi kwa waya au fimbo, nafasi hiyo ikiisha, klachi hubaki imekanyagwa nusu siku nzima, na dereva hajui. Je, gari lilipakiwa kupita kiasi? Maswali hayo yakijibiwa yote na gari likawa halina hatia, hapo ndipo twamgeukia dereva.

Tano, ikiwa springi ndogo zilizomo katikati ya sahani zimevunjika, gari limekuwa likirushwa: pedeli huachiliwa ghafula, au injini yenyewe yatetemeka.

Basi mwaona kuwa katika alama hizi tano, dereva anaweza kuulizwa kwa mbili tu, na hata katika hizo mbili si peke yake.

Lakini tuseme kweli yote, maana chama si mahali pa kufichiana makosa. Wako madereva wanaoweka mguu juu ya pedeli safari nzima kama mtu anayepumzisha mguu kwenye kigoda. Wako wanaoshika mlima kwa klachi, na wanaonguruma injini ili abiria wajue gari lina nguvu. Dereva wa namna hii akija ofisini kwetu kulalamika, nasi tumejionea vyuma vya bluu katika gari zima lisilo na kosa, tutamwambia kosa lake. Tusipomwambia, siku tutakapomtetea mtu asiye na hatia, nani atatuamini?

SHERIA YASEMAJE?

Katibu ameniandikia haya, nami nayasoma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo tajiri anaruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Kwa mali iliyoharibika, anaweza kukata kiasi cha haki ikiwa uharibifu uliletwa na kosa la kusudi la mfanyakazi. Tena kifungu hicho hicho chasema kuwa makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Tazameni neno lile: kusudi. Klachi iliyozeeka si kusudi. Sili inayovuja si kusudi. Tani nne zilizozidi si kusudi la dereva. Basi mwenye kutaka kukata ndiye mwenye kuonyesha kosa, na hawezi kulionyesha ikiwa sahani imetupwa. Kwa hiyo sahani ihifadhiwe. Itiwe katika mfuko, ifungwe, iandikwe namba ya gari na tarehe, ikae mpaka shauri liishe. Nimesema itiwe katika mfuko na ifungwe. Sababu yake ndiyo neno langu la pili.

KILICHOLIKA KIMEKWENDA WAPI?

Sahani mpya ina bitana nene. Iliyozeeka ina bitana nyembamba. Ile tofauti imekwenda wapi? Imekuwa vumbi. Nyingine imetoka njiani, nyingine imebaki imekaa ndani ya kifuniko cha klachi, ikimngoja fundi.

Nendeni sokoni hapa Kariokor, mkaone mafundi wa ngozi wakishona viatu na mikoba, na wengine wakikata akala kutoka matairi makuukuu. Huenda mkacheka nikisema kuwa klachi za magari ya mwanzo zilikuwa ndugu wa viatu vile. Zilikuwa na umbo la pia, nazo zilivishwa ngozi. Ngozi ilipakwa mafuta ili isikauke, na ikiteleza dereva alinyunyiza udongo wa unga ili ishike. Breki nazo zina hadithi ya kiatu. Mwaka 1897, huko Derbyshire nchini Uingereza, alikuwako mtu aitwaye Herbert Frood. Husimuliwa kuwa aliwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakipigilia kiatu kikuukuu kwenye gogo la breki ili lishike wakitelemka milima. Akaanza kutengeneza kitu bora kuliko kiatu, na kutokana na herufi za jina lake likatoka jina Ferodo, ambalo kila fundi hapa analijua.

Ngozi na pamba haziwezi joto kali. Magari yalipozidi uzito na mwendo, viwanda vikageukia asbesto, jiwe lenye nyuzi kama sufi, lisiloungua. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, bitana za klachi na breki zilitengenezwa kwa asbesto. Ilishika vizuri, ilivumilia joto, na bei yake ilikuwa ndogo. Ubaya wake ulikuwa kwa watu.

Nyuzi zake ni nyembamba mno. Hazionekani kwa macho zikiwa hewani. Zikiingia kifuani hazitoki zote. Mwaka 1924 alikufa mwanamke mmoja wa Rochdale, Uingereza, jina lake Nellie Kershaw, mwenye miaka 33, aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Daktari Cooke aliyapima mapafu yake akaandika habari yake katika gazeti la madaktari mwaka ule ule. Mwaka 1931 Uingereza ikaweka kanuni za vumbi la asbesto viwandani. Lakini asbesto nyeupe, iliyokuwa ndani ya bitana, haikukatazwa huko mpaka mwaka 1999. Hesabuni wenyewe: tangu 1924 hadi 1999 ni miaka 75. Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba, ilikataza mwaka 2008, na Marekani iliikataza asbesto nyeupe mwaka 2024. Hapa kwetu, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto miongoni mwa taka za hatari.

Ugonjwa wake hauna haraka. Waweza kuvuta vumbi leo ukaugua baada ya miaka 20, 30 hata 40, wakati gereji imefungwa na tajiri amekufa. Wataalamu wa ugonjwa wa saratani wamekubaliana kuwa asbesto ya kila namna huleta saratani. Na mvuta sigara hatari yake huzidi sana. Ni kweli kuwa wataalamu hubishana juu ya mafundi wa gereji, hatari yao ni kubwa kiasi gani, kwa sababu joto la klachi na breki huzigeuza nyuzi nyingi zikawa kitu kingine. Lakini si zote. Na fundi anayepiga msasa bitana mpya, au kuitoboa, hushika nyuzi ambazo hazijapata joto lolote.

Mtaniambia, "Siku hizi bitana hazina asbesto." Nyingi hazina. Zimetengenezwa kwa nyuzi za kioo, nyuzi za viwandani zilizo ngumu kama chuma, shaba na gundi. Lakini magari yetu ni ya umri mwingi, na sehemu nyingine hununuliwa kikuukuu, au katika boksi lisiloandikwa kitu. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo kanuni ya fundi mwenye akili ni moja: kila vumbi la klachi na la breki ulihesabu kuwa ni baya.

Nasi twafanya nini? Twachukua mpira wa kompresa, twapuliza. Vumbi lapanda kama moshi, kijana wa kujifunza kazi amesimama mbele yake akicheka, na mama anayeuza chai yuko mlangoni. Nimefanya hivyo miaka mingi. Natumaini hakuna atakayefanya hivyo tena baada ya leo. Dawa yake haina gharama kubwa:

Usipulize kwa kompresa, wala usipanguse kwa brashi kavu.

Nyunyizia maji ya sabuni kwanza, polepole, kisha panguza kwa kitambaa kilicholowa.

Kitambaa na bitana za zamani zitie katika mfuko, ufunge, usivichome wala usivitupe ovyo.

Usipige bitana msasa mkavu.

Usile chakula pale ulipofungulia klachi, na nawa mikono na uso kabla ya kula.

Ovaroli usiende nayo nyumbani, wala isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Katika nchi za viwanda walikuwako wake za wafanyakazi waliougua kwa kufua tu.

Na msidanganyike na leso iliyofungwa puani. Leso huzuia vumbi la barabarani unaloliona. Nyuzi hizi hupita.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa tajiri kuangalia usalama na afya ya watu wanaofanya kazi kwake, na kuwapa vifaa vya kujikinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu maradhi ya kazini pamoja na ajali. Lakini mtu atakayeugua baada ya miaka 30 atathibitishaje alifanya kazi wapi? Kwa hiyo nawaambia mafundi: andikeni. Kila mtu awe na daftari lake, aandike gereji, mwaka na kazi aliyofanya. Na ninyi wa jua kali, msio na tajiri wa kumshitaki, mnayo maji na sabuni. Anzeni na hayo.

NINALOOMBA

Bwana Mwenyekiti, namaliza. Naomba mkutano huu ufikirie mambo matatu.

La kwanza, wawakilishi wetu wawaombe matajiri wakubali kuwa hakuna dereva atakayekatwa kwa ajili ya klachi mpaka sahani na vyuma vyake vitazamwe na fundi, mbele ya dereva mwenyewe na mwakilishi wake. Hilo ni la faida kwa tajiri pia: kama sili yavuja, kumkata dereva hakuizibi.

La pili, kila fundi mwanachama akiulizwa "Imeungua?" asijibu neno moja. Ajibu, "Imeungua kwa sababu hii," na aandike jina lake chini.

La tatu, kompresa isitumike tena kupuliza vumbi la klachi wala la breki katika gereji yoyote yenye wanachama wetu.

Wapagazi waliotoa jina la mtaa huu hawakuwa na mtu wa kuwaandikia hesabu. Sisi tunaye katibu, tuna kalamu, na tuna macho ya kuisoma sahani. Kama kati yenu yumo anayemjua dereva mmoja mtu mzima aliyefukuzwa kwa klachi mbili asizoziunguza, namwomba amwambie kuwa fundi wake amesema kweli yote leo, ingawa amechelewa.